Hyposmocoma wa Hawaii: ukoo mmoja wa nondo, aina zaidi ya 350

Hyposmocoma ni jina la kisayansi la kundi moja la nondo wadogo sana, wale ambao watu wengi wanawaita tu papiyo ya usiku. Kundi hilo halipatikani popote duniani isipokuwa kwenye visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Wataalamu wamekwisha kuandika majina ya aina zaidi ya 350, na wanajua kwamba kuna zingine nyingi ambazo bado hazijapewa jina. Kati ya nondo na vipepeo wote wa asili wa Hawaii, karibu theluthi moja ni wa kundi hilo peke yake.

Mtu akimuona nondo huyo ukutani usiku, hatamgeukia mara ya pili. Ni mdogo, mabawa yake yakifunguliwa hayafikii hata upana wa kidole gumba, na rangi yake mara nyingi ni ya majivu, kahawia ama nyeupe yenye madoa. Kinachowashangaza watafiti ni mtoto wake, yaani kiwavi. Wakaaji wa Kisangani wanaonunua mbinzo sokoni wanajua kwamba viwavi kwa kawaida hula majani na kunenepa. Viwavi wa Hyposmocoma wamefuata njia zingine kabisa: kuna wanaoishi chini ya maji na nje ya maji, kuna wanaokula konokono, na kuna mmoja anayejivika vipande vya wadudu waliokufa.

Jina la ukoo na jina la mtoto

Wanasayansi hupanga viumbe kwa ngazi. Ngazi kubwa moja ni familia. Hyposmocoma wako katika familia inayoitwa Cosmopterigidae, ambayo ina nondo sehemu nyingi za dunia. Chini ya familia kunakuja jenasi, halafu aina. Jenasi inafanana na jina la ukoo, na aina ni kama jina la mtoto mwenyewe. Ni sawa na kwenye liste ya shule, ambapo jina la ukoo linatangulia na lile la mtoto linafuata. Kwa mufano, Hyposmocoma molluscivora: la kwanza ni la ukoo, la pili maana yake ni mla konokono. Hakuna kiumbe kingine duniani kinachobeba majina yale mawili pamoja.

Kazi hiyo ya kupanga majina inaonekana kama mchezo wa watu wenye nafasi, lakini kiumbe ambacho hakina jina hakiingii kwenye hesabu yoyote. Hakiwezi kuandikwa kwenye liste ya viumbe vinavyolindwa na sheria, na kikitoweka hakuna anayejua.

Visiwa vilivyozaliwa na moto

Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa sana lava ni nini. Wameiona ikishuka kutoka Nyiragongo kunako mwaka wa 2002, na tena mwezi wa tano mwaka wa 2021. Visiwa vya Hawaii vyote vimetengenezwa na lava ya namna hiyo, hata kama chanzo chake ni tofauti. Huku mashariki ya Kongo, ardhi inapasuka na kuachana polepole kwenye bonde la ufa. Kule Hawaii, kuna sehemu moja ya moto mkali chini ya bahari, na sakafu ya bahari inapita juu yake ikielekea kaskazini-magharibi, sentimita chache kila mwaka. Moto ukitoboa, kisiwa kinazaliwa. Kisiwa kikisogea mbali na moto, volkeno yake inazima, mvua na mawimbi vinaanza kukila, na kingine kinazaliwa nyuma yake.

Njo maana visiwa hivyo vimepangwa kama mstari wa ndugu kufwatana na umri. Kile kikubwa chenye volkeno ya Kilauea, ambacho nacho kinaitwa Hawaii, ni kitinda mimba. Hakijafikisha miaka milioni moja. Maui inakifuata, halafu Molokai, halafu Oahu, penye mji wa Honolulu. Kauai ina karibu miaka milioni 5. Zaidi ya hapo, upande wa kaskazini-magharibi, kuna wazee waliobaki mifupa: Nihoa, Necker, Laysan, na vingine ambavyo leo ni mwamba ama mchanga tu juu ya maji.

Kutoka visiwa hivyo mpaka pwani ya Amerika ni karibu kilometa 3,800 za bahari tupu. Wadudu wachache sana waliweza kufika, pengine kwa kubebwa na upepo. Hakuna siafu wala sisimizi wa asili kule, jambo ambalo mtu wa Kivu ama wa Ituri atashindwa kuamini. Kwa hiyo yule aliyefika alikuta nafasi nyingi ambazo hazikuwa na mwenyewe.

Babu wa Hyposmocoma alifika lini? Kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kufikiri kwamba alifika Kauai, kwa sababu ni kisiwa kizee kati ya vile vikubwa vya leo. Kunako mwaka wa 2014, watafiti wa Universite ya Hawaii walitangaza hesabu nyingine. Walilinganisha ADN ya aina nyingi za jenasi hiyo, na wakaona kwamba zilianza kuachana karibu miaka milioni 15 iliyopita. Wakati ule Kauai haikuwepo bado, wala Oahu, wala Maui. Maana yake nondo hao walianzia kwenye visiwa ambavyo leo bahari imevimeza karibu vyote, na kila mara kisiwa kipya kilipotoka majini, baadhi yao waliruka na kuhamia pale. Waliohamia walitengana na wale waliobaki, na baada ya muda mrefu wakawa aina nyingine. Aina nyingi za leo zinapatikana kwenye kisiwa kimoja tu. Nihoa na Necker, vimiamba vile visivyo na mkaaji, vina Hyposmocoma wao wenyewe ambao hawako mahali pengine.

Nyumba mgongoni

Karibu viwavi wote wa jenasi hii hujenga nyumba ndogo na kuibeba popote wanapokwenda. Kiwavi anatoa uzi wa hariri mdomoni, anaufuma kuwa mfuko, kisha anaubandika vitu anavyovikuta: mchanga, vipande vya gome, kuvu za mawe, majani makavu. Anapotembea, kichwa na miguu ya mbele tu ndiyo inatoka. Akisikia hatari anaingia ndani na kufunga. Mtu akipita anafikiri ni takataka iliyoshikamana na jiwe.

Umbo la nyumba linatofautiana, na watafiti wamezibatiza majina ya vitu vya kila siku. Kuna nyumba za sigara, ndefu na nyembamba. Kuna za pia, pana upande mmoja na kali upande mwingine. Kuna za karatasi ya bombo, zilizobanwa huku na huku kama bombo iliyosokotwa. Kuna za mfuko wa pesa, na za tarumbeta. Kuna hata zile walizozipa jina la chakula cha Meksiko kinachokunjwa ndani ya mkate mwembamba. Mtu wa Kongo angeziita tu chikwange, na watu wote wangeelewa.

Nyumba hizo siyo urembo tu. Zimesaidia sana kazi ya kupanga ukoo. Nondo wakubwa wa Hyposmocoma wanafanana mno. Wawili wanaweza kuwa na mabawa yenye madoa yaleyale, kumbe mmoja alikulia ndani ya sigara na mwingine ndani ya bombo. ADN ilipopimwa ilionekana kwamba kwa sehemu kubwa wenye nyumba za umbo moja ni ndugu wa karibu, hata wakiwa kwenye visiwa mbalimbali. Mtu anayetafuta kujua ukoo huu sherti aanze na kiwavi, siyo na nondo aliyevutwa na taa.

Ginsi majina yalivyokusanywa

Vitabu vya zamani havikufanya hivyo. Kazi ilianza na padri wa Kianglikana, Thomas Blackburn, aliyeishi Honolulu tangu 1876 mpaka 1882. Baada ya kazi zake za kanisa alikuwa akikusanya wadudu mlimani na kuwatuma London. Kule, Arthur Gardiner Butler aliwafungua kwenye sanduku, na kunako mwaka wa 1881 akaandika jina Hyposmocoma kwa mara ya kwanza.

Baadaye, kuanzia 1892, Mwingereza mwingine, R. C. L. Perkins, alitumwa Hawaii kwa miaka kadhaa kukusanya wanyama wa visiwa vyote. Alitembea kwa miguu na kulala msituni, kwenye mvua na matope. Nondo wake walipelekwa kwa Lord Walsingham, tajiri mmoja wa Uingereza aliyependa nondo wadogo kuliko kitu chochote, na huyu akatoa kitabu kunako 1907 chenye majina mapya mengi sana. Aina nyingi za Hyposmocoma zinazojulikana leo zilipewa jina katika kazi hiyo moja.

Walsingham alikuwa na macho makali, lakini mbele yake alikuwa na nondo waliokauka, waliochomwa sindano. Viwavi walikuwa wamebaki msituni, maelfu ya kilometa kutoka mezani pake. Alihesabu mishipa ya mabawa, aliangalia mapanga ya mdomo na manyoya ya mwili, na kwa tofauti hizo aliwagawa ndugu hawa katika jenasi kadhaa. Kunako mwaka wa 1978, Elwood Zimmerman alitoa kitabu kinene juu ya nondo wadogo wa Hawaii, na akaona kwamba nyingi kati ya zile jenasi hazina msingi. Akaziunganisha chini ya Hyposmocoma. Hivi ukoo ukawa mkubwa ghafla, siyo kwa sababu wamezaliwa wengi, ila kwa sababu watoto waliokuwa wameandikwa kwa majina ya watu wengine walirudishwa kwa baba yao.

Hata Zimmerman mwenyewe alikuwa na aina nyingi mbele yake ambazo hakujua viwavi wao wanaishi wapi wala wanakula nini. Kazi hiyo ilichukuliwa na Daniel Rubinoff na wenzake wa Universite ya Hawaii. Wao wanaenda msituni, wanaokota nyumba zenye viwavi kwenye mawe na magome, wanazipeleka labo, wanawalisha mpaka watoke nondo, halafu wanaunganisha vitu vitatu: nyumba, nondo na ADN. Ni kazi ya polepole. Kiwavi anaweza kufa kabla ya kugeuka, na safari nzima ya mlimani inakuwa imepotea.

Wanaoishi majini

Katika vijito vya Hawaii vyenye maji ya kasi, watafiti waliwakuta viwavi wa Hyposmocoma wakitembea juu ya mawe chini ya maji. Wadudu wa majini wapo wengi duniani, lakini kwa kawaida wana kitu cha kuwasaidia: matamvua kama ya samaki, ama povu la hewa wanalolibeba. Hawa hawana hata kimoja. Wanapumua kwa ngozi, wakivuta oksijeni moja kwa moja kutoka maji yanayopita. Ukiwaweka kwenye maji yaliyosimama wanakufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu maji ya namna hiyo hayana oksijeni ya kutosha. Kusudi wasibebwe na mkondo, wanajifunga kwa uzi wa hariri kwenye jiwe.

Tena ukiwatoa nje, kwenye jiwe kavu, hawafi. Wanaendelea kutembea na kula. Wanaweza kumaliza ukuaji wao upande wowote, majini ama nchi kavu, na hilo halikuwa limejulikana kwa mdudu mwingine yeyote. Rubinoff na mwenzake Patrick Schmitz waliandika kunako 2010 juu ya aina 12 za namna hiyo. ADN ilionyesha kwamba hazitoki kwa mzazi mmoja aliyeingia majini mara moja. Maisha hayo ya majini yalianza angalau mara tatu, katika matawi mbalimbali ya ukoo, kila tawi peke yake.

Mla konokono, na konokono wa Afrika

Kunako mwaka wa 2005 Rubinoff na William Haines walitangaza kiwavi mwingine, yule Hyposmocoma molluscivora aliyetajwa juu, anayeishi Maui na Molokai. Huyu anatafuta konokono wadogo wa jenasi Tornatellides wanaopumzika juu ya majani. Akimpata mmoja, anamfunga kwa uzi wa hariri kwenye jani, sawasawa na vile buibui anavyofunga nzi. Konokono hawezi tena kuanguka na kuponyoka. Halafu kiwavi anaisogeza nyumba yake mpaka kwenye mlango wa koa, anajinyoosha ndani na kumla mwenyewe akiwa hai. Labo walimpa vyakula vya kawaida vya viwavi wa ukoo wake, kama vile kuvu na mimea. Alivikataa, hata kwa njaa. Nondo na vipepeo wanaokula nyama ni wachache mno duniani, na aliyejulikana kufunga konokono kwa hariri hakuwepo kabla ya huyu.

Hapo njo Afrika ya Mashariki inaingia katika habari hii. Konokono wa asili wa Hawaii wamekwisha sana, na sababu moja inaanzia kwenye pwani yetu. Konokono mkubwa wa Afrika, yule wa koa refu la kahawia anayekula mboga bustanini, alipelekwa Hawaii kunako 1936. Alizaa, akajaa mashambani, watu wakalia. Kusudi kumwangamiza, serikali ilileta kunako 1955 konokono mwingine kutoka Florida, Euglandina rosea, ambaye anakula konokono wenzake. Yule wa Florida hakusumbuka sana na mkubwa wa Afrika. Aliwapanda mitini wale wadogo wa asili, wasio na ulinzi, na kuwamaliza aina baada ya aina. Dawa iliua mgonjwa na ugonjwa ukabaki, maana konokono wa Afrika yuko Hawaii mpaka leo. Kiwavi ambaye hali kitu kingine isipokuwa konokono wadogo hana pa kukimbilia wakiisha.

Konokono siyo wageni peke yao. Panya wamefika, sisimizi wamefika, na nyigu walioletwa kuua wadudu waharibifu wa mashamba wamepanda mpaka misitu ya juu, wanataga mayai ndani ya viwavi wa asili.

Mvaa mifupa wa Oahu

Mwezi wa nne mwaka wa 2025, timu ya Rubinoff ilitangaza kiwavi ambaye magazeti ya dunia yote yalimwandika: mkusanya mifupa. Anaishi kwenye utando wa buibui, ndani ya pango la mti ama ufa wa mwamba. Anatembea juu ya nyuzi na kula wadudu waliokufa ama walio dhaifu ambao buibui ameshika. Mabaki yao, vichwa, miguu, mabawa ya mende wa msituni, anayabandika kwenye nyumba yake. Siyo ovyo: anakigeuza kila kipande, anakipima, na kikiwa kikubwa anakitafuna mpaka kitoshe. Labo walimpa takataka za kawaida ili ajenge; alizikataa. Watafiti wanafikiri vazi hilo linamficha kwa mwenye nyumba, kwani buibui akimgusa anakuta harufu na umbo la vitu alivyokwisha kula mwenyewe. Wakikutana wawili kwenye utando mmoja, mkubwa anamla mdogo.

ADN yake inasema tawi lake lina angalau miaka milioni 6. Oahu yenyewe haijafikisha umri huo. Kwa hiyo ndugu zake waliishi zamani kwenye visiwa vingine, na kule hawaonekani tena. Aliyebaki amebaki kwenye mlima mmoja wa safu ya Waianae, katika eneo la kilometa za mraba 15, sawa na kipande cha kilometa tatu kwa tano ambacho mtu anaweza kukikata kwa miguu kabla ya saa sita mchana. Buibui wenyewe anaoishi nao siku hizi ni wageni walioletwa na watu, aliwazoea.

Watafiti walipanda mlima ule zaidi ya mara 150, katika muda wa miaka zaidi ya 20. Viwavi wote waliowaona ni 62.